Faragha Inayouzwa Mlangoni

Mpwa wangu, ambaye kazi yake ni ya ofisi na mapenzi yake ni muziki, alinichukua Jumamosi moja kutoka Kilosa hadi Mikumi, kwa barabara ile ipitayo Ulaya (nayo ni Ulaya yetu, kata ya wilaya hii, si ile ambayo wanamuziki hupenda kututajia kwamba wamepata kuizuru), ili nikashuhudie jambo ambalo, kwa maneno yake, sikupata kuliona tangu kuzaliwa kwangu. "Mjomba," aliniambia, "umewaona wengi jukwaani, lakini leo utamwona mwenyewe." Huyo mwenyewe ni mtribu mashuhuri ambaye jina lake nalihifadhi, kwa kuwa ugomvi wangu si naye, bali ni na wale wamsifuo kwa jambo lisilostahili sifa, naye aliketi juu ya kigoda chini ya mti, katika ua wa hoteli moja ya wageni, na gitaa moja mapajani, mbele ya viti visivyozidi 50, kila kiti kikiwa kimelipiwa kiingilio ambacho kwacho, katika dansi la kawaida mjini kwetu, tungaliweza kuingia mimi, mpwa wangu, mkewe na majirani wawili, tukabakiwa na fedha ya soda.

Tulipotoka, saa tano za usiku, hadhirina wote walikuwa wakinong'ona kauli moja, kwamba huu ndio muziki hasa, na kwamba ule mwingine, wa bendi na majasho, ni kelele tu.

Rai hii haikuzaliwa Mikumi. Nimeisikia Dar es Salaam, nimeisikia redioni, nimeisikia kwa vijana ambao hawajapata kusimama karibu na tumba likipigwa. Na insafu yanilazimu niieleze kwanza kama wenyewe waielezavyo, tena nikiivisha nguo zake za Idi. Wasema kwamba msanii akiwa peke yake hana pa kujificha, kwa hiyo ukweli wake hudhihirika; kwamba katika ua mdogo msikilizaji humkaribia hata akayaona mapigo ya vidole vyake na kuzijua siri za nyimbo zake; kwamba hadhira iliyoketi kimya humpa msanii heshima ambayo ukumbi wa walevi haukumpa kamwe; na kwamba msafara wa mtu mmoja ni rahisi, basi hata miji midogo kama yetu itapata kutembelewa na wakubwa, nao wakubwa watapata ujira wao wote pasipo kugawana na jeshi zima. Hizo ni hoja nne, wala si za kipumbavu. Ni za makosa tu.

Hoja ya kwanza: kwamba aliye peke yake ndiye wa kweli

Tuanze na neno lenyewe, maana watu hawa hulitamka "solo" kama dua. Katika lugha ya dansi, ambayo wazee wa Kilosa na Kimamba waliijua wengine wao kabla ya kujua kusoma gazeti, solo si hali ya kuwa peke yako. Solo ni gitaa. Lipo gitaa la solo, lipo la rithimu, lipo la besi, na katika bendi zilizojiweza lilikuwapo na la solo la pili. Naye mpiga solo ni yule ambaye gitaa lake hupanda juu ya mengine kama mwali upandavyo juu ya kuni, wala sijasikia bado kwamba kuna mwali uliojitenga na kuni zake ukaenda kuwaka kando, ili watu wapate kuuona ukweli wake.

Marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyezaliwa mwaka 1944, ambaye mkoa huu wa Morogoro haujapata mwingine wa kumweka naye katika mizani moja, alipewa lakabu ya Soloist National. Na lakabu hiyo haikumaanisha kwamba taifa zima lilikaa vitini likimtazama amejiinamia juu ya kigoda. Alikuwa mpiga solo wa Morogoro Jazz, na mwaka 1970, Tanzania ilipojionyesha katika maonyesho ya dunia huko Osaka, Japani, alikwenda akiwa na bendi. Kisha mwaka 1973 akaachana na Morogoro Jazz. Na lau haya tuambiwayo leo yangalikuwa na kweli ndani yake, hiyo ndiyo ingalikuwa saa yake ya kuvunja minyororo na kupiga peke yake, kwani jina alikuwa nalo, vidole alikuwa navyo, na watu wa kulipa wangalipatikana. Alilolifanya ni kuunda bendi nyingine, Super Volcano, akadumu nayo mpaka ajali ya gari ilipomwondoa duniani, huko Mombasa, Januari 1979. Yule aliyekuwa na haki kuliko wote ya kudhani kwamba anajitosha, hakudhani.

Nao husema, wakidhani wamenikamata: Je, Siti binti Saad? Huyu, wasema, aliwaimbia watu wachache nyumbani, sauti yake ikiwa ndiyo kila kitu. Naam, sauti ya Siti ilikuwa neema. Lakini hata Shaaban Robert, aliyemwandikia wasifu wake, asingaliweza kumtenga na wale aliokuwa akikaa nao: Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Na alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kutiwa katika sahani za santuri, hakuacha watu wake ufukoni Unguja ili Wahindi wapate kumwona mwenyewe.

Mmoja nitawaachia, nao hawamtaji kwa sababu hawamjui: Mzee Morris Nyunyusa, kipofu aliyepiga ngoma nyingi kwa mikono yake miwili, ambaye mdundo wake uliitangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania miaka nenda miaka rudi. Yeye alikuwa peke yake kwelikweli. Lakini mtazame alifanya nini na upweke wake: alijizungushia ngoma kubwa na ndogo, akageuka kuwa kikundi kizima. Hakuona fahari katika uchache. Aliuona kuwa ni upungufu, akaufanyia kazi mpaka ukatoweka.

Wenye kusoma sana huniambia kwamba onesho la mtu mmoja ni ada ya kale ya mataifa yaliyostaarabika. Ni bidaa, tena ina tarehe. Franz Liszt, mpiga piano wa Hungaria, ndiye aliyethubutu kuwakalisha watu waje kumsikiliza yeye tu. Mwaka 1839 huko Roma alilifanyia jambo hilo mzaha, akijifananisha na mfalme wa Ufaransa aliyejiona kuwa yeye ndiye dola, na mwaka 1840 huko London likatafutiwa jina la heshima. Kabla ya hapo, mpiga piano mashuhuri alishirikiana na waimbaji na wapiga fidla katika jioni moja, na aliyetaka jioni yote iwe yake angalihesabiwa kuwa mtovu wa adabu. Liszt alijua kwamba anafanya kiburi, akacheka. Wafuasi wake wa leo wanafanya kiburi kile kile, nao wanakiita unyenyekevu.

Na huo upweke wenyewe, ni upweke gani? Pale Mikumi niliwahesabu, maana mimi ni mtu wa kuhesabu: fundi mitambo aliyeinama nyuma ya kichaka, kijana wa taa, meneja aliyeshika mkoba, dereva, mpiga picha, msichana wa kukusanya tiketi, na mmoja ambaye kazi yake sikuitambua ila kumwendea mtribu kila baada ya nyimbo tatu na glasi ya maji. Watu saba walimwezesha kuwa peke yake, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kupiga chombo.

Hoja ya pili: ukaribu

Kati ya wimbo wa nne na wa tano, mtribu wetu aliweka gitaa chini, akanyamaza, akatazama juu kama mtu aliyeingiliwa na kumbukumbu pasipo kutarajia, kisha akatusimulia habari za marehemu mama yake na wimbo aliokuwa akimwimbia jikoni. Mama mmoja kando yangu alijifuta machozi. Mimi nami nilikuwa karibu kujifuta, ila kwa bahati mbaya nilikuwa nimekwisha kuyasikia masimulizi hayo kabla, kwenye simu ya mpwa wangu, yakitoka katika onesho jingine la mji mwingine. Na gitaa liliwekwa chini mahali pale pale, na kumbukumbu ilikuja bila kutarajiwa mahali pale pale.

Simlaumu kwa kurudia, kwani kurudia ni nusu ya usanii. Bruce Springsteen wa Marekani, aliyepata utukufu wake pamoja na bendi, alifanya onesho la namna hii katika ukumbi wa viti visivyofika 1,000 mjini New York, mara 236 kati ya mwaka 2017 na 2018, akisimulia maisha yake kwa maneno yaliyopangwa, na tiketi ya bei ya juu ilikuwa dola 850. Ufundi mkubwa, sina shaka. Lakini siri iliyotobolewa mara 236 kwa waliolipa mlangoni, kwa nini tuendelee kuiita siri?

Sisi wa wilaya hii, tukiulizwa habari za kumkaribia msanii mashuhuri, tuna ushuhuda wetu. Joseph Haule, ambaye nchi nzima humwita Professor Jay, alikuwa mbunge wa jimbo la Mikumi tangu mwaka 2015 hadi 2020. Huyo tulikuwa karibu naye, kwa maana ya kwamba mtu aliweza kumsimamisha na kumwuliza habari za maji na za barabara, akatakiwa ajibu, na jibu lisipopendeza akaambiwa kwamba halikupendeza. Ule ndio ukaribu niujuao mimi: kila upande una haki ya kumsumbua mwenziwe. Na ajabu ni kwamba miaka mingi kabla ya ubunge alikuwa amekwisha kutunga Ndiyo Mzee, wimbo wa mgombea ajazaye ahadi na umati umwitikiao. Mwondolee umati ule, umweke juu ya kigoda ajibishane na gitaa, uone kama patabaki wimbo. Yule wa chini ya mti, kinyume chake, alikuwa hatua nne kutoka kwangu, na laiti ningalimwuliza neno lolote ningaliondolewa kwa adabu.

Nilipokuwa nikiyawaza hayo ndipo nilipofahamu nilikwisha kuuona wapi mpango ule. Hifadhi ya Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230 za kutazamia wanyama, na kanuni zake kila mwenyeji anazijua: lipa kwanza, kaa kitini pako, usipaze sauti, usimrushie kitu, ukimwona simba pekee amelala chini ya mti, mshukuru kiongozi wako, kwani wengine wamezunguka siku nzima na kuambulia nyani. Hoteli ile haikubuni jambo jipya. Mchana iliwapeleka wageni kumtazama mmoja, na usiku ikawaletea mwingine.

Hoja ya tatu: heshima ya ukimya

Ukimya ni heshima msikitini, mazishini na mbele ya anenaye. Katika muziki wetu ni habari nyingine. Mwimbaji wa taarabu aimbapo na mtu akabaki amejikunyata kitini, hakuna anayenyanyuka kwenda kutunza, hakuna noti inayopepewa kichwani ili mbaya wake aliyeketi upande wa pili apate ujumbe wake, huyo mwimbaji akirudi nyumbani hasemi kwamba ameheshimiwa. Husema leo nimeimbia mawe. Na bendi za dansi zilijulikana kwa nini, kama si kwa mitindo? Msondo ulikuwa wa NUTA Jazz, Sikinde ni ya Mlimani Park. Na mtindo ni jambo litendwalo na miguu ya watu waliolipa. Bendi iliitwa kwa jina la mchezo wa wachezaji wake, hata majina mengine yakasahaulika, nasi leo twaambiwa kwamba wachezaji wale walikuwa wakimvunjia msanii heshima.

Mtribu alipofika katika wimbo wake mkongwe, ule uliompatia jina, ambao kiitikio chake kila mtu wa nchi hii aliyezaliwa na masikio anakijua, sisi wenye viti tulikaa tumekunja mikono, na nafasi ya waitikiaji ikapita tupu, gitaa likigugumia peke yake kama mtu aliyebisha hodi na asifunguliwe. Mara, nyuma ya ukuta wa makuti, jikoni, sauti zikaitikia. Walikuwa wapishi na waosha vyombo, labda sita, labda wanane. Hawakupangana, lakini waliingia mahali pake hasa, mmoja akashika sauti ya juu, mwingine akagonga sufuria kwa mwiko pale ambapo tumba lingaligonga. Kichwa cha mtribu kiliinuka. Naapa kwamba vidole vyake vilibadilika, na kwa ubeti mmoja na nusu nilimwona, sijui kama ndiye mwenyewe, lakini nilimwona mpiga gitaa.

Msimamizi wa hoteli alikwenda jikoni kwa haraka, akiinamisha mgongo ili asiwakinge wageni, akawanyamazisha. Mpwa wangu aliniinamia akasema, "Afadhali, mjomba, wangemharibia."

Hoja ya nne: hesabu

Imesalia hoja ambayo hunong'onwa zaidi kuliko kusemwa, nayo ndiyo iliyo na nguvu. Bendi, wasema, zilikuwa za dhuluma. Mwenye vyombo alikuwa ndiye bwana. Mapato ya mlangoni yalimwendea yeye, naye mpiga gitaa ambaye jina lake lilijaza ukumbi alirudi kwake kwa miguu. Hapo wana haki, na mimi niliyewajua baadhi ya waliorudi kwa miguu sitawapinga. Ila nashangaa dawa yenyewe. Mgawanyo ulikuwa wa dhuluma, basi tuwafukuze waliokuwa wakigawiwa! Ni kama mtu aonaye kwamba watoto wake hawapati chakula sawasawa, akawatoa wote isipokuwa mmoja, kisha akafurahi kwamba sasa hakuna malalamiko mezani.

Tazama pia ni nani wanaosema haya. Ni wale wale ambao kwa miaka 20 na zaidi wamewalaani waimbaji wanaopanda jukwaani na muziki uliokwisha kurekodiwa, wakafumbua midomo juu yake, wakalipwa. Wizi! walisema, yuko wapi mpiga besi, yuko wapi mpiga saksafoni? Swali zuri. Kisha akaja mtu wa kigoda, naye mpiga besi hayupo, mpiga saksafoni hayupo, nao wakasujudu. Yule wa kwanza aliwaacha wenzake kwa kutumia mashine, huyu wa pili amewaacha kwa kutumia hisia. Katika daftari la mpiga tumba aliyebaki nyumbani, mistari hiyo miwili yasomeka namna moja. Zamani kulikuwa na vyama vya wafanyakazi, viwanda, jeshi na polisi, walioajiri wanamuziki kwa mshahara, hata kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na bendi yake. Milango hiyo ilipofungwa mmoja baada ya mwingine, palibaki ukumbi na kiingilio. Sasa ukumbi nao twaambiwa ni mkubwa mno.

Na lile la kwamba miji midogo itafaidika, nalijibu kwa mkato. Katika siku za mkonge bendi zilifika hadi Kimamba, zikifuata mishahara ya mwisho wa mwezi, na mkata mkonge aliingia kwa fedha yake akacheza hadi jogoo. Katika viti vile 50 sikumwona mkata miwa hata mmoja, ijapokuwa mashamba ya miwa si mbali na pale.

Lakini gharama kubwa haimo katika fedha. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, bendi yake haikuzikwa naye. Juma Kilaza aliishika, akaiendeleza, akaongeza yake. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu palikuwa na watu waliokuwa wakisimama nyuma ya Salum kila usiku, wakimwona akikosea na akijisahihisha, wakizijua nyimbo zake kwa upande wa ndani. Mbaraka naye hakuangushwa na mvua. Aliingia Morogoro Jazz akiwa kijana, akawakuta waliomtangulia. Juu ya kigoda cha Mikumi pana nafasi ya mtu mmoja, na nyuma yake pana mti. Nilitazama kwa makini kama yuko kijana yeyote aliyeketi mahali pa kujifunza, ambaye miaka kumi ijayo tutamlipia, nikamwona kijana wa taa.

Tulirudi Kilosa usiku ule ule. Mpwa wangu aliendesha kimya hadi tulipoipita Ulaya, akiwa bado yumo katika furaha yake, nami sikutaka kumtoa. Taa za stesheni zilipoonekana ndipo aliponiambia kwamba mwezi ujao anakuja mwingine, mkubwa kuliko huyu, na kwamba kama napenda atanikatia tiketi mapema.

Nikamwuliza, "Anakuja na nani?"

"Peke yake, mjomba," akajibu kwa fahari. "Hata mitambo hatumii. Ndiyo maana kiingilio kimepanda."